Jani Kwanza, Ua Baadaye: Historia ya Bustani za Uani Kariakoo

Kiswahili kina neno "ua" lenye maana mbili, na ni wingi wake unaozitenga: maua ya mti, na nyua za nyumba. Huenda ni sadfa ya sauti tu, lakini katika Kariakoo ya zamani vitu hivyo viwili vilikaa mahali pamoja. Nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa kuogea na kufulia, palikuwa na kipande cha udongo ambapo wanawake walipanda mimea ya kunukia. Historia ya bustani za Dar es Salaam imezoea kukiruka kipande hicho na kuanzia kwa Wajerumani. Nashikilia kwamba huko uani ndiko ulikokaa ujuzi wenyewe wa kupanga tuta la maua katika mji huu, na kwamba ujuzi huo ulianzia kwenye jani: ulaini wake, ukwaruzo wake, unene wake na harufu yake likifikichwa. Ua lilikuja baadaye.

Simulizi rasmi inafahamika. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam, na mwaka 1893 Franz Stuhlmann akaanzisha bustani ya majaribio ya mazao, hiyo ambayo leo tunaiita Bustani ya Mimea, kando ya Barabara ya Samora. Mwaka 1902 ilipoanzishwa taasisi ya utafiti huko Amani, Usambara, kazi ya sayansi ilielekea kule, na bustani ya mjini ikabaki mahali pa kivuli na matembezi. Wakati huohuo mimea ikawa chombo cha kuugawa mji. Kanuni za ujenzi za mwaka 1891, na baadaye za 1914, ziliamua nyumba za aina gani zijengwe wapi. Uzunguni kukapata barabara zenye miti. Eneo lililokuja kuwa Kariakoo, ambalo awali lilikuwa shamba la minazi, likapimwa mitaa iliyonyooka kwa ajili ya Waafrika, nalo likapata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakaacha uwanda wa Mnazi Mmoja uwe mpaka kati ya Kariakoo na Uhindini. Kwa hiyo kijani cha serikali kilikuwa cha kutazamwa kwa mbali, na mara nyingine cha kuwaweka watu mbali.

Kijani cha Kariakoo kilikuwa cha kushikwa. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, na ua nyuma wenye jiko, choo na mahali pa maji. Kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, kila mmea uliopandwa ulikuwa na sababu yake. Chukua mimea iliyozoeleka katika nyua za pwani uone inavyokamilishana. Mrehani una majani madogo mororo yanayotoa harufu yakiguswa tu. Mchaichai ni majani membamba marefu, yenye makali yanayoweza kuchana kidole. Mwasumini una majani ya kijani kilichokolea, na maua yake meupe hung'aa zaidi jioni. Mkadi ni mkali kuliko yote: majani kama panga, yenye miiba pembeni, lakini ndani yake hufichwa ua lililofungwa kwa vitambaa laini vya rangi ya maziwa. Laini kando ya kikali, kipana kando ya chembamba, kilichokolea kando ya cheupe: huo ndio mpangilio ambao wabunifu wa bustani duniani huufundisha kama kanuni.

Ushahidi wa wazi kuliko wote ni kikuba. Kishada hiki cha maua na majani ambacho mwanamke wa pwani hukivaa kifuani hakifungwi ovyo. Mkadi hutoa umbo, rehani huleta ulaini na ubichi, asumini au waridi huleta rangi. Anayekifunga huamua jani lipi lishike, lipi lifunike, lipi lichomoze. Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni pambo la mwili, na pambo si bustani. Lakini vitu vya kikuba huchumwa vibichi, kwa kuwa asumini hunyauka upesi, na anayevihitaji hunufaika kuvipanda karibu. Lugha nayo inatetea upande huu. Neno "bustani" tumelipokea kutoka Kiajemi, na asili yake ni mahali pa harufu. Bustani inayonusika na kuguswa, basi, iko karibu zaidi na maana ya neno kuliko ile inayotazamwa kutoka barabarani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mimea hii haikuwa yetu. Waridi na rehani ni majina ya Kiarabu, asumini ni la Kiajemi, na langilangi lina asili ya Ufilipino. Ni kweli. Lakini mkrismasi unaopamba barabara kila mwisho wa mwaka ulitoka Madagaska, na mjakaranda Amerika Kusini. Ugeni wa mbegu hauamui ujuzi ni wa nani. Kinachoamua ni mpangilio, yaani nani aliuweka mmea wapi, kando ya upi, na kwa sababu gani. Kwa kipimo hicho wanawake wa uani walikuwa wabunifu kamili, ingawa hakuna aliyewaandika hivyo.

Wengine watasema mimea hiyo ilipandwa kwa haja tu: mchaichai wa chai, mhina wa kupaka mikono, mshubiri wa dawa. Hoja hii inagawanya vitu ambavyo pwani haikuvigawanya. Mhina uliopandwa kwa ajili ya mikono ya biharusi ni wa haja na wa uzuri kwa pamoja. Zaidi ya hapo, haja ndiyo iliyofundisha kulitegemea jani. Dar es Salaam huishi kati ya masika, vuli na miezi ya jua kali. Ua huchanua siku chache, jani hubaki mwaka mzima, na tuta linalotegemea maua peke yake huwa tupu sehemu kubwa ya mwaka.

Tangu miaka ya 1990 maghorofa yamezifuta nyumba nyingi za vyumba sita Kariakoo, na nyua zake zimekwenda nazo. Mtaa wa Mkunguni na Mtaa wa Mchikichi bado ina majina ya miti, lakini jina halitoi kivuli. Anayepanga tuta mbele ya jengo jipya, au ndoo tatu kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne, aanze walipoanzia wanawake wa uani: achague majani matatu yanayotofautiana yakishikwa, ayaweke mkono unapofika, kisha ndipo aongeze ua. Mrehani, mchaichai na mwasumini inatosha kuanza.