NDIVA ZA UPARE NA MFEREJI WA CHINI YA ARDHI

Somo la Redio kwa Madarasa ya Elimu ya Watu Wazima: Historia

Ninyi mliokusanyika darasani pamoja na mwalimu wenu, sogeeni karibu na redio. Mwenye karatasi ya somo mkononi na afuate mstari kwa mstari.

Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maji. Nitawasimulieni safari niliyoifanya pamoja na mgeni mmoja katika milima ya Upare, wilaya ya Same, na swali aliloulizwa huko akashindwa kulijibu.

1. Mgeni na dimbwi

Mgeni wangu alikuwa mtu wa Unguja. Ana jamaa zake Omani, na mwaka mmoja alikwenda kuwatembelea katika mji wa Nizwa. Huko akapelekwa kutazama falaji, yaani mfereji wa kale wa maji unaopita chini ya ardhi. Alirudi na picha nyingi, na kila tulipokutana hakuwa na habari nyingine. Basi nikamwambia, “Bwana, hata kwetu wako mafundi wa maji wa zamani. Njoo Same, nikuonyeshe.”

Tulishuka Makanya, katika barabara kuu iendayo Tanga na Dar es Salaam. Hapo ni nyika: vumbi, miiba na mashamba ya mkonge. Mvua ya tambarare hii ni kidogo, maana milima huzuia mawingu yatokayo upande wa bahari. Lakini ukiinua macho, utaona milima ya kijani. Mlima mrefu kuliko yote ni Shengena, wenye urefu wa meta 2,462, nao umefunikwa na msitu wa Chome. Ukungu wa msitu ule ndio mama wa vijito vyote tulivyovifuata siku ile.

Tukapanda mpaka Bangalala. Mzee mmoja akatupokea, akatuongoza kwa miguu mpaka penye ndiva. Mgeni wangu akatazama huku na huku. Mbele yake palikuwa na boma la udongo na mawe, na maji yametulia ndani yake. Akaninong'oneza, “Nimepanda mlima wote huu kuja kuona dimbwi?”

Sauti yake haikuwa ndogo kama alivyodhani. Mzee alisikia. Hakukasirika, alicheka tu, akasema, “Mwanangu, dimbwi hujaa lenyewe. Ndiva hujazwa na watu.”

2. Ndiva ni nini?

Ndiva ni neno la Kipare. Maana yake ni bwawa dogo la kuhifadhia maji ya kumwagilia. Watu huziba sehemu ya kijito huko juu, wakayaongoza maji katika mfereji ubavuni mwa mlima mpaka ndani ya ndiva. Chini ya ukuta wa ndiva liko tundu lenye kizibo. Usiku tundu huzibwa na ndiva hujaa. Asubuhi kizibo huondolewa, na maji hukimbia kwa nguvu mpaka mashambani.

Huenda mtu akauliza, “Kwa nini wasiyaache maji yaende shambani moja kwa moja?” Chukua mfano huu. Mwaga maji kikombe kimoja kimoja juu ya mchanga mkavu. Yatazama hapo hapo. Sasa mwaga ndoo nzima kwa mara moja. Maji yatakimbia na kufika mbali. Kijito cha kiangazi ni kama kikombe, na ndiva ni kama ndoo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kijito kinatoa lita 5 kwa kila sekunde. Kwa saa 12 za usiku zitapatikana lita 216,000, yaani madebe 10,800 ya lita 20. Ukiyafungulia maji hayo yote kwa saa 4 tu, yatatoka lita 15 kwa kila sekunde. Nguvu yake ni mara tatu ya kijito. Maji hayakuongezeka hata tone, lakini shamba la mbali ambalo jana lilikosa, leo litapata.

Kuchimba mfereji nako kulitaka akili. Ukiwa na mteremko mkali, maji hukata udongo na kuubomoa. Ukiwa hauna mteremko wa kutosha, tope hutulia na mfereji huziba. Wazee hawakuwa na vyombo vya kupimia. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo: walichimba kidogo, wakayaachia maji, wakatazama yanavyokwenda, kisha wakaendelea. Majembe ya chuma hawakuyakosa, kwa maana Wapare walikuwa wahunzi mashuhuri tangu zamani, hata majirani zao Wachagga walinunua chuma kutoka Upare.

3. Ukoo, baragumu na zamu

Wajerumani walipokuja mwishoni mwa karne ya 19, waliikuta mifereji ya Upare inafanya kazi. Haikuletwa na serikali yoyote ya kigeni. Kwa desturi, ukoo uliochimba mfereji au kujenga ndiva ndio uliokuwa na usemi juu yake. Wengine walipewa maji kwa kufuata masharti, na sharti la kwanza lilikuwa kazi.

Kazi hiyo ya pamoja huitwa msaragambo. Baragumu ilipolia, kila nyumba ilitoa mtu wa kuzoa tope, kuziba nyufa na kufyeka majani katika mfereji. Ndiyo maana mithali yetu yasema, “Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.” Aliyekaa nyumbani bila sababu alitozwa faini. Na aliyefanya kazi alipewa zamu yake: leo fulani, kesho fulani.

Msidhani kwamba mambo yote ya zamani yalikuwa mema. Mahali pengi milimani desturi iliwakataza wanawake kukaribia chanzo cha mfereji, ingawa wao ndio waliolima mashamba na kuchota maji ya nyumbani. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na hatupaswi kulificha.

Habari za namna hii tumezipataje? Nyingi zimetoka vinywani mwa wazee. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, aliyekuwa Mpare na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda kwa wazee katika miaka ya 1960, akawauliza, akaandika. Kitabu chake juu ya historia ya Wapare kilitoka mwaka 1969. Kwa hiyo mzee asiyejua kusoma anaweza kuwa ndiye mwenye kurasa ambazo wasomi wanazitafuta.

4. Swali la mzee

Sasa turudi kwa mgeni wangu. Tulikaa kivulini, naye akaanza kumsimulia mzee habari za falaji. Akasema, “Mzee, kule wamechimba kisima kirefu penye maji, chini ya mlima. Kutoka hapo wamechimba njia chini ya ardhi yenye mteremko mdogo sana, mpaka maji yanatokea juani yenyewe, bila pampu. Na juu ya njia ile yako mashimo yaliyofuatana, ya kuingizia hewa na kutolea udongo.”

Mzee akauliza, “Nani aliichimba?”

“Watu wa Omani husimulia kwamba Nabii Suleiman alipita huko, akawaamuru majini wake wachimbe. Wakachimba maelfu ya mifereji kwa siku 10.”

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Vizuri. Na tope, mwanangu? Kila mwaka huja majini kulizoa?”

Mgeni akafungua kinywa, akakifunga. Akasema, “Mzee, hilo sikuuliza.”

Ndugu zangu, hapo ndipo somo la leo linapoanza hasa. Mgeni wangu alikuwa ameona mawe, maji na giza la mfereji. Hakuwa ameona watu.

5. Jibu la Omani

Niliporudi mjini nilisoma vitabu ili nimjibu mzee. Nimekuta haya. Omani ina kadiri ya aflaji 3,000 zinazotumika mpaka leo. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliziingiza tano katika orodha ya Urithi wa Dunia, na moja ni Falaji Daris, karibu na Nizwa. Ufundi huu ni wa kale sana, nao umeenea pia katika nchi ya Uajemi, ambayo leo huitwa Irani. Huko mifereji 11 ya namna hii iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2016.

Na tope je? Kila falaji ina msimamizi wake, naye huitwa wakili. Neno hili mnalijua, maana ndilo hilo hilo letu. Wakili husimamia matengenezo, huweka mafundi wa kushuka mashimoni kuzoa tope, na hutunza fedha. Sehemu fulani ya maji hukodishwa, na fedha zake hutumika kwa matengenezo. Maji ya kunywa hutangulia, mashamba hufuata. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na kipimo cha zamu mahali pengi ni nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa juani, na usiku walipima kwa nyota.

Mnaona? Watu wa Omani walichimba chini ya jabali, kwa sababu huko jua lingekausha maji. Wapare walijenga ndiva ubavuni mwa mlima, kwa sababu kijito chao kilikuwa chembamba. Kazi za mikono yao hazifanani. Lakini jambo la pili ni moja: zamu, kazi ya pamoja, na msimamizi anayeaminiwa. Ndilo lililoiweka mifereji hai miaka mingi hivyo.

Jambo hilo likikosekana, mawe peke yake hayatoshi. Hapa Tanzania, huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, iko mifereji na mipaka ya mashamba iliyojengwa kwa mawe kwa ustadi mkubwa. Watu walilima hapo kwa muda wa kama miaka 300, kisha katika karne ya 18 wakaondoka. Mawe yangali yamepangwa, lakini zamu imekufa, na katika mifereji ile hayapiti maji.

6. Hali ya leo

Je, ndiva za Upare ziko salama? Nitawaambieni ukweli. Nyingine zimeimarishwa kwa saruji kwa msaada wa Serikali na mashirika, na nyingi zina kamati. Mwaka 1991 iliundwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, na sheria ya mwaka 2009 imewapa watumiaji wa maji nafasi ya kuunda jumuiya zao zinazotambuliwa. Siku hizi mwanamke anaweza kukaa katika kamati na kusema neno lake. Hayo ni maendeleo.

Lakini mto ni ule ule, na watu wameongezeka. Mto Vudee hutoka juu katika kijiji cha Vudee, huja Bangalala, ambako maji yake huijaza ndiva iitwayo Manoo, kisha bonde hushuka mpaka Makanya. Wakati wa kiangazi, maji huishia njiani. Mkulima wa Makanya hungoja mafuriko ya mvua za milimani ndipo alowanishe shamba lake. Kwa hiyo mtu wa juu akivunja zamu, wa kati hukosa. Na wa kati akichukua yote, wa chini hana la kufanya. Na wote wakiukata msitu, hata wa juu atakosa.

Jioni ile, kabla hatujaagana, mzee alimpeleka mgeni wangu penye kizibo. Akamwonyesha Makanya kule chini, akasema, “Usiku nikilala, naogopa mambo mawili. La kwanza ni ufa katika ukuta. Huo huzibwa. La pili ni mtu kuja kufungua maji wakati si zamu yake. Huyo ni ufa usioonekana.”

Mgeni hakupiga picha tena. Aliuliza siku ya msaragambo, na mzee alipomjibu, akaiandika katika daftari lake.

Basi, wasikilizaji, ukienda kutazama kazi ya kale, iwe Same, iwe Nizwa, iwe popote, usiulize tu, “Nani aliijenga?” Uliza pia, “Nani anaitengeneza, na zamu yake ni lini?” Kisha rudi kwenu, ujiulize hilo hilo juu ya kisima cha kijiji chako.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini ndiva hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi?
2. Kijito kinatoa lita 3 kwa sekunde. Kwa saa 10 zitapatikana lita ngapi?
3. Falaji na ndiva hufanana kwa mambo gani, na hutofautiana kwa mambo gani?
4. Mzee alisema kuna “ufa usioonekana”. Je, katika kijiji chenu uko ufa kama huo? Utazibwaje?
5. Mwiteni mzee mmoja, mume au mke, aje darasani aeleze maji yaligawanywaje zamani. Andikeni maneno yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.