Mukongojo, mutoto na baraza: namna wazee wa Kisangani walivyokingwa wasianguke

Katika vijitabu vya chama chetu wenzangu wamekwisha kuandika juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya ngoma za Walokele na uvuvi wa Wagenia. Mimi naomba nafasi kwa jambo dogo ambalo wengi hawalihesabu kuwa desturi: namna wazee wetu walivyotembea bila kuanguka. Nasema ni desturi kwa sababu lilikuwa na sheria zake, vifaa vyake, na watu waliopewa kazi hiyo. Tumeziacha sheria hizo bila hata kujua kwamba tumeziacha.

Tuanze na mto. Stanley alipomaliza kushuka maporomoko saba ya Boyoma, Januari 1877, aliwakuta Wagenia hapa. Kazi yao kila mutu wa Kisangani ameiona: miti mikubwa imesimikwa katika matundu ya miamba, imefungwa kwa kamba za porini, na vikapu vikubwa vimetundikwa katika maji makali. Kijana anapanda juu ya miti ile kwa miguu mitupu, maji yananguruma chini yake. Sasa jiulize, mvuvi huyu anaacha kupanda siku gani? Nilipokuwa kijana niliwauliza wazee wawili waliokuwa wamekaa kando wakisuka vikapu. Mmoja alinijibu: "Siku mukubwa wako anasema: wee bakia leo, tengeneza kikapu hiki. Hauulize." Akacheka sana. Ona akili iliyokuwamo. Mzee hakuambiwa kwamba magoti yake yamechoka. Alipewa kazi ya kukaa, tena kazi ambayo bila hiyo vijana wasingetega kitu.

Baadaye walikuja Wangwana. Stesheni ya hapa ilianzishwa Desemba 1883, na mwaka 1887 Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad, akawekwa kuwa wali wa Stanley Falls. Aliondoka mwaka 1890, na vita vya 1893 vikamaliza utawala wa watu wake. Lakini lugha ilibaki, mupunga ulibaki, na nyumba ya baraza ilibaki. Baraza ile ilikuwa na maana kwa mzee. Alikaa mahali palipo juu kidogo, penye kivuli, mgongo umeegemea ukuta, na watu ndio walimwendea. Ukitaka shauri, unakuja wewe na magoti yako mazima. Kwa swala pia dini iliwafungulia njia: asiyeweza kusimama anaswali amekaa, wala hapungukiwi. Maji ya udhu aliletewa katika birika palepale alipokaa, asiende kuteleza penye matope ya kisima. Hata kanzu, wazee wenye akili waliishona isifike chini, maana pindo refu linakamata kidole cha mguu.

Juu ya mukongojo nitasema kifupi. Wanaume hawakuona haya nao, kwa sababu fimbo ni alama ya ukubwa: machifu walishika fimbo, na Mobutu alituzoeza kuona fimbo mkononi mwake kila siku. Lakini mama zetu walikataa. Mwanamke akishika fimbo watu wanasema amezeeka. Kwa hiyo yeye alitumia fimbo nyingine, yaani mutoto.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Katika parseli za zamani, koko mwanamke hakulala peke yake. Mujukuu mmoja, mara nyingi wa miaka saba au nane, alilala naye chumba kimoja. Usiku koko akitaka kutoka, anamuamsha: "Mutoto, simama, nipeleke." Mutoto anatangulia na taa, koko anaweka mkono juu ya bega lake. Bega la mutoto wa miaka nane liko sawasawa na urefu wa mukongojo! Mutoto alilipwa kwa hadithi na kwa kipande cha samaki, na ndiyo njia ambayo wengi wetu tulijifunza majina ya mababu. Mimi mwenyewe nilikuwa bega la koko wangu kwa miaka mitatu, katika komini ya Mangobo.

Masomo yalimtoa mutoto nyumbani asubuhi. Sisemi kwamba watoto waache masomo, nisieleweke vibaya. Nasema tu kwamba hakuna aliyefikiri nani atashika kazi ile. Kisha ikaja simenti. Zamani chini palikuwa udongo uliopigwa na kupakwa. Mguu unashika, na ukianguka udongo unakupokea. Simenti laini, iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka ing'ae, ilikuwa heshima ya nyumba. Hapa kwetu mvua haikosekani karibu mwezi wowote, na kila anayeingia analeta maji katika babushi zake. Nje, pembeni ya dushi, unaota ule utelezi wa kijani. Zamani wasichana waliukwangua kwa jembe kila Jumamosi.

Mwaka 1998 ni mimi niliyemlipa fundi alaze simenti katika chumba cha koko. Nilitaka kumfurahisha, na kweli alifurahi. Aliita majirani waje kuona. Hazikupita wiki tatu. Usiku umeme ulikuwa umekatika, wajukuu walikuwa wamehamia chumba kingine kwa sababu nilisema wamekuwa wakubwa, naye akasimama peke yake. Mufupa wa paja ulivunjika karibu na nyonga. Fundi wa mifupa alikuja na maganda ya miti na vijiti, lakini alituambia ukweli, kwamba mkono au mundi anaufunga, pale juu hafiki. Hospitalini bei ya operesheni ilitushinda. Koko alikaa kitandani miezi mingi.

Alikuwa bado kitandani vita vya siku sita vilipofika, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Watu walikimbia, wazee walibebwa mgongoni au katika pusupusu. Yeye tulimlaza chini, juu ya simenti ileile, sisi tukiwa pembeni yake. Alikufa mwezi wa nane, si kwa bomu.

Madaktari wa leo wanalijua jambo hili kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60, na zaidi ya themanini kwa mia wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ushauri wao ni taa ya usiku, mahali pa kushika, chini pasipoteleza, mazoezi ya miguu, viatu vinavyokaza. Nikiusoma namuona mutoto na taa yake.

Hata waendeshaji wa toleka walijua kitu. Baada ya vita, kinga zilipokuwa ndizo gari la mji, kijana mwema akimbeba mzee hakumshusha katikati ya barabara. Alitafuta mzizi wa muti au ukingo wa mtaro, akasimamisha kinga pale ili mguu wa mzee usining'inie hewani.

Chumba cha koko sasa analala mama mukubwa. Kabla hajaingia nilimuita fundi mwingine, akapiga simenti ile kwa patasi, mistari mistari, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Rangi nyekundu imeharibika. Mama mukubwa analalamika kwamba vumbi linabaki ndani ya mistari na ufagio unakwisha upesi. Nimemnunulia ufagio mwingine.