Kuuguliwa Ugenini: Hospitali, Jamaa na Lugha katika Schaerbeek

Kiswahili kina kitenzi ambacho mwanafunzi wa kigeni hukipata kwa tabu. Mgonjwa huugua, lakini jamaa zake huuguliwa. Anayesema "nimeuguliwa na mama" hana homa wala kidonda. Anaeleza kwamba ugonjwa wa mama umeingia nyumbani mwake, umemvunjia safari zake na umempa kazi ya kufanya. Ni mfano wa kufiwa: maiti ni mmoja, wafiwa ni ukoo mzima. Kutoka mzizi huo huo tumepata kuuguza, na kutoka kuuguza tumempata muuguzi, ambaye leo ni mtu mwenye cheti na mshahara, lakini zamani alikuwa dada, shangazi au jirani aliyekesha.

Kiarabu nacho kina ushahidi wake. Kumzuru mgonjwa huitwa iyada, na neno hilo hilo katika Kiarabu cha leo ndilo jina la kliniki. Mzizi wake ni kurudi, mzizi mmoja na neno letu ada. Mwenye kumjulia hali mgonjwa si yule aliyefika mara moja akaacha machungwa, bali ni yule anayerudi.

Nimeyatanguliza maneno haya kwa sababu khabari za wagonjwa wetu katika hospitali za Brussels, khasa katika manispaa ya Schaerbeek, hazifahamiki ukizitazama kutoka kitandani peke yake. Hoja yangu ni moja. Kupona ni kazi ya watu wawili, tabibu na jamaa. Ugenini, jamaa yule alikatwa na lugha, na sehemu kubwa ya taarikh ya karibuni ya hospitali za mji ule ni taarikh ya kujaribu kumrudisha.

Schaerbeek na sisi

Schaerbeek ni mojawapo ya manispaa 19 zinazofanya Jimbo la Brussels, nayo ina wakazi zaidi ya laki moja. Zamani kilikuwa kijiji cha wakulima wa mboga na matunda ya cheri, waliopeleka mazao yao sokoni kwa punda, hata wakaitwa watu wa punda. Mtu wa Lamu atacheka, kisha atajiona hayuko mbali sana na kwao.

Lakini kuna mambo mengine yanayotuunganisha na manispaa hiyo. Barabara kubwa inayopita humo inaitwa Lambermont, kwa jina la Baron Auguste Lambermont, mwanadiplomasia aliyekuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Brussels wa mwaka 1889 hadi 1890 juu ya biashara ya watumwa. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa dola zilizoingia katika mapatano ya mkutano ule. Na katika uwanja wa Riga, humo humo Schaerbeek, limesimama tangu mwaka 1970 sanamu la kumbukumbu ya askari wa kampeni za Afrika, yaani jeshi la Kongo ya Kibelgiji ambalo, pamoja na mengine, liliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Basi kabla ya mgonjwa wetu wa kwanza kulazwa pale, majina ya nchi zetu yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika makaratasi ya mji ule. Walichokuwa hawajakisikia ni sauti ya mtu wa huko akisema panapomuuma.

Hospitali kwetu

Wazo la hospitali lilitufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wakfu. Msomi wa Kiislamu wa pwani aliyesoma khabari za Misri alijua habari za maristani ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284. Hati ya wakfu wake iliifungua kwa wanaume na wanawake, matajiri na mafukara, wenyeji na wageni, na mgonjwa hakuwekewa kikomo cha siku za kukaa. Waliotunga hati ile walifahamu kwamba baina ya kupata nafuu na kupona kabisa kuna masafa, na masafa hayo yana gharama.

Njia ya pili ilikuja na merikebu. Mapadri Wafaransa kutoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja mwaka 1860 wakafungua hospitali. Mwaka 1887, kwa kuadhimisha miaka hamsini ya Malkia Victoria, tajiri wa Kiismaili Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la jumba la hospitali mbele ya bandari. Alifariki mwaka 1891 kabla jumba halijamalizika. Lilikamilika mwaka 1894, na watu wakalizoea kwa kazi ya zahanati. Lipo mpaka leo na roshani zake za mbao, na wengi wa wasomaji wa jarida hili walipita chini yake wakienda bandarini bila ya kujua kwamba lilikusudiwa wagonjwa.

Lakini katika hospitali zote hizo, na baadaye katika Mnazi Mmoja, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Lenin, kazi iligawanywa. Daktari alitoa dawa na kupasua. Jamaa alileta uji, alibadilisha shuka, alimgeuza mgonjwa, alimkumbusha wakati wa sala, alimhadithia yaliyotokea mtaani. Methali yetu inasema mgonjwa haulizwi uji: anayemuuguza ameshaupika. Si kwamba hali ile ilikuwa njema katika kila jambo. Asiye na jamaa aliteseka, na wanawake walibeba mzigo kuliko wanaume. Lakini mgonjwa hakuwa na haja ya kufasiriwa. Mtu aliyekaa kando ya kitanda chake alijua kunyamaza kwake kuna maana gani.

Hospitali kwao

Ingekuwa makosa kudhani kwamba Mbelgiji hakuwa na jamaa wa namna hiyo. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa Ubelgiji walikuwa na vyama vya kusaidiana, ambavyo vilitambuliwa kwa sheria ya mwaka 1851. Kila mwanachama alitia fedha kidogo katika sanduku, na aliyeugua alipata posho. Wazee wetu wenye vyama vya kufa na kuzikana wangevifahamu mara moja. Kwa sheria ya mwisho wa mwaka 1944 bima ya ugonjwa ikawa ya lazima kwa wafanyakazi, na vyama vile vikapewa kazi ya kuisimamia. Mpaka leo kila mkazi wa Schaerbeek mwenye bima ameandikishwa katika mmoja wa warithi wa masanduku yale, au katika mfuko wa serikali.

Uuguzi nao ulibadilika. Kazi iliyokuwa mikononi mwa watawa ikageuzwa kuwa taaluma ya kusomewa. Daktari mpasuaji Antoine Depage alianzisha skuli ya wauguzi Brussels mwaka 1907, na akamwita Mwingereza Edith Cavell kuiongoza. Katika vita vya kwanza vya dunia Cavell aliwauguza majeruhi wa pande zote, na akawasaidia askari kutoroka. Wajerumani walimpiga risasi alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1915 katika uwanja wa shabaha wa taifa, ambao uko Schaerbeek. Aliuawa pamoja na Philippe Baucq, msanifu majengo, mkazi wa manispaa hiyo.

Mwaka 1923 ilifunguliwa hospitali ya Brugmann, upande wa Laeken, iliyochorwa na Victor Horta. Horta aliitawanya katika majumba madogo ndani ya bustani ili kila mgonjwa apate jua na hewa. Ni yeye aliyejenga nyumba ya Autrique katika Schaerbeek mwaka 1893, mwanzoni mwa umaarufu wake. Leo hospitali ya Paul Brien, ambayo ndiyo hospitali ya umma iliyo karibu na watu wa Schaerbeek, ni kituo kimojawapo cha Brugmann.

Lugha kitandani

Mwaka 1964 Ubelgiji ilitia saini mapatano ya kuleta wafanyakazi kutoka Morocco na kutoka Uturuki, na Schaerbeek ikawa maskani ya wengi wao. Wasemaji wa Kiswahili walikuja kwa njia nyingine na kwa idadi ndogo: wanafunzi na watumishi kutoka Kongo baada ya uhuru wa 1960, kisha, khasa katika miaka ya 1990, waliokimbia vita vya Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki. Ndiyo maana Kiswahili kinachosikika Brussels ni cha Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura zaidi kuliko cha Unguja au Mombasa.

Hospitali ilikuwa na kila kitu isipokuwa masikio. Mgonjwa aliulizwa maumivu yake kwa Kifaransa au Kiholanzi, naye akajibu kwa mwanawe wa miaka kumi. Mtoto akafanywa mkalimani wa mimba ya mamake au wa saratani ya babake. Mambo ambayo kwa adabu zetu hayasemwi mbele ya mtoto yakapita mdomoni mwake, au yakaachwa yasisemwe kabisa, na daktari akaandika alichosikia.

Mwaka 1991 ulianza Ubelgiji mpango wa majaribio wa kuwafunza wanawake kutoka jamii za wahamiaji wawe wapatanishi wa tamaduni, watu wa kati baina ya mgonjwa na tabibu. Tangu mwaka 1999 serikali ya shirikisho imekuwa ikizilipa hospitali ili ziwaajiri. Kazi yao si kufasiri maneno tu. Humwambia daktari kwamba mgonjwa anayeitikia "ndiyo" kila mara huenda anafanya adabu, hajafahamu. Humweleza mgonjwa kwamba muuguzi anayemhimiza atembee siku ya pili baada ya kupasuliwa hamtesi. Lugha zilizotangulia zilikuwa Kiarabu cha Morocco, Kiberberi na Kituruki, kwa sababu ya wingi wa wasemaji. Kiswahili, chenye wachache, mara nyingi hutegemea mkalimani wa kuitwa, au wa njia ya video.

Sheria mbili zinafaa kutajwa hapa. Amri ya kifalme ya tarehe 12 Disemba 1996 iliweka utaratibu wa matibabu ya lazima kwa mtu asiye na karatasi za kukaa, ambayo hugharimiwa kwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yake. Na sheria ya haki za mgonjwa ya tarehe 22 Agosti 2002 inampa kila mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha iliyo wazi, na haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini, aliyemchagua mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili atamtambua mtu huyo. Ni yule jamaa aliyekuwa akileta uji, amerudi kwa mlango wa sheria.

Hata hivyo jina la lugha halitoshi. Mzee wa Bukavu anaposema "roho inaniuma" anaweza kuwa anaweka mkono kifuani: kwa Kiswahili cha Kongo roho ni moyo wenyewe. Mtu wa Unguja akisikia maneno hayo atafahamu huzuni au wivu. Mkalimani mzuri wa Zanzibar anaweza kumpeleka mgonjwa wa moyo kwa daktari wa majonzi. Tofauti za lahaja, ambazo katika majarida yetu tunazijadili kama starehe ya wasomi, hospitalini ni suala la uhai.

Jambo lililobaki

Siku hizi hospitali haimweki mtu mpaka apone. Humweka mpaka aweze kwenda kwao. Nafuu inapatikana hospitalini, afya inatafutwa nyumbani, pengine ghorofa ya nne isiyo na lifti. Hapo kazi inashikwa na muuguzi wa kupita nyumbani, na vituo vya afya vya mitaani ambavyo vimeenea Ubelgiji tangu miaka ya 1970, ambapo daktari, muuguzi na mtaalamu wa viungo hukaa chini ya paa moja. Na afya, kwa asili yake ya Kiarabu, si kutougua tu; ni kuwa katika usalama na amani. Usalama huo hauandikwi katika cheti cha dawa.

Wale waliofika wakiwa vijana sasa ni wazee. Wako miongoni mwao wanaosahau kwa maradhi ya uzee, na madaktari wameona kwamba aghalabu lugha iliyojifunzwa baadaye hutangulia kupotea. Bibi aliyefanya kazi miaka arubaini kwa Kifaransa huamka usiku akiomba maji kwa Kiswahili. Wajukuu wake hawakijui, na muuguzi wa zamu hajui hata ni lugha gani.

Kwa hiyo nasihi yangu kwa jamaa wa ughaibuni si ya kusubiri serikali. Kila nyumba yenye mzee iandike waraka mmoja: jina analopenda kuitwa, mji aliozaliwa, Kiswahili chake ni cha wapi, maneno anayoyatumia kwa maumivu, kwa choo, kwa kiu na kwa khofu, na tafsiri yake kwa Kifaransa na Kiholanzi. Atajwe na mtu anayemwamini. Waraka huo ukae pamoja na kadi yake ya bima, na nakala yake ihifadhiwe na familia.

Kwa sisi wanahistoria waraka huo una faida ya pili. Makumbusho yana barua za masultani na hesabu za forodha, lakini ni machache sana yanayotueleza jinsi mtu wa kawaida alivyousema mwili wake. Maneno ya mgonjwa wa Kasongo, wa Barawa au wa Pemba, yakiandikwa leo Schaerbeek kwa ajili ya muuguzi wa zamu ya usiku, yatakuwa kesho hazina ya lugha na ya taarikh. Lakini kwanza yamletee yule bibi maji yake.