Ovidius na Visa Visivyo na Hukumu

Publius Ovidius Naso alizaliwa mwaka 43 KK mjini Sulmo, Italia ya kati. Alishika nyadhifa ndogo za umma, kisha akaziacha kwa ajili ya ushairi. Mwaka 8 BK Kaisari Augusto alimfukuza Roma na kumpeleka Tomis, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ambako leo ni Constanța nchini Romania. Mshairi mwenyewe anataja sababu mbili: shairi na kosa. Shairi ni Ars Amatoria, linalofundisha mbinu za mapenzi. Kosa hakulieleza kamwe. Alifia uhamishoni mwaka 17 au 18 BK.

Adhabu ilipotolewa, Metamorphoses ilikuwa karibu kukamilika. Utenzi huo wa vitabu 15 na mistari inayokaribia 12,000 unasimulia visa vipatavyo 250 vya viumbe waliobadilika umbo. Umaarufu wake huelezwa mara nyingi kwa wingi wa visasili vilivyomo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Nikander wa Kolofoni, Mgiriki, alikwishatunga juu ya mada hiyo hiyo, na utungo wake umepotea; vimebaki vifupisho vilivyoandikwa na wengine. Nguvu ya Ovidius imo zaidi katika usimulizi: hueleza badiliko kwa undani, kisha humwachia msomaji hukumu.

Kisa cha Daphne, katika kitabu cha kwanza, ni mfano mzuri. Mungu Apollo anamkimbiza binti huyo kwa tamaa. Daphne anapoishiwa nguvu anamwomba baba yake, mungu wa mto Peneus, amwondolee umbo lililomponza. Gome jembamba linamfunika kifua, nywele zinakuwa majani, mikono inakuwa matawi, na miguu iliyokuwa ikitimua mbio inashikwa na mizizi. Apollo anagusa shina na kuhisi moyo ungali ukidunda. Anautangaza mlaureli kuwa mti wake, nao unatikisa kilele kana kwamba umeridhia. Ovidius haamui kama Daphne ameokoka au ametekwa.

Waliomfuata waliamua, kila mmoja kwa namna yake. Mapema katika karne ya 14, mtunzi asiyejulikana wa Ovide moralisé, kwa Kifaransa, alimfasiri Daphne, pamoja na maana nyingine, kuwa Bikira Maria. Shakespeare, aliyeisoma tafsiri ya Kiingereza ya Arthur Golding ya mwaka 1567, alikipindua kisa katika A Midsummer Night's Dream: Helena, akimwandama mwanamume asiyemtaka, anajiona kama Daphne anayemkimbiza Apollo. Kupitia kwa Shakespeare pia, Thisbe na Medea, ambao visa vyao vimo vilevile katika Metamorphoses, wanatajwa katika tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969.

Kati ya 1622 na 1625 Gian Lorenzo Bernini alimchonga Daphne kwa marumaru, vidole vikichipua majani. Sanamu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kadinali, na kwenye kitako chake yakachongwa maneno ya Maffeo Barberini, aliyekuja kuwa Papa Urbano wa Nane, yanayoonya kwamba anayefukuzia raha zipitazo huambulia majani na matunda machungu. Funzo hilo lilibidi liongezwe kwa sababu shairi halikulitoa. Wahakiki wa leo husoma katika kisa cha Daphne habari za jeuri ya kijinsia na mwanamke aliyenyamazishwa. Tafsiri hizi hazipatani, lakini kila moja ina ushahidi wake katika mistari ile ile.