Wakala wa mnunuzi wa nyumba (Marekani)

Wakala wa mnunuzi ni mtu mwenye leseni anayemsimamia mnunuzi, si muuzaji. Hulinganisha bei inayotajwa na za nyumba zilizouzwa karibuni mtaani hapo, hujadiliana kwa niaba ya mteja wake, na huhakikisha mkataba una sharti la ukaguzi, ili mteja aweze kujitoa ikibainika kuwa paa au msingi ni mbovu. Aliyezoea dalali wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye huwakutanisha watu wawili na kungoja chake, aizingatie tofauti hii: wakala huyu ana upande.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya miaka ya 1990, katika majimbo mengi hata wakala aliyemzungusha mnunuzi siku nzima kwa gari lake alihesabiwa kisheria kuwa mtumishi wa muuzaji. Mnunuzi aliyemnong'oneza kiwango cha juu alichoweza kulipa alikuwa amemwambia muuzaji. Hatari hiyo haijaisha: ukipiga namba iliyoandikwa kwenye bango la nyumba, anayepokea ni wakala wa muuzaji, hata awe mkarimu namna gani. Wakala mmoja kusimamia pande zote mbili kunaruhusiwa katika majimbo mengi kwa ridhaa ya maandishi. Colorado na Florida zimekataza.

Kwa miaka mingi muuzaji alitoa asilimia 5 hadi 6 ya bei, mawakala wawili wakagawana. Oktoba 2023, jopo la mahakama huko Kansas City, Missouri, lilisema utaratibu huo ulivunja sheria za ushindani. Chama cha mawakala, National Association of Realtors, kikakubali kulipa dola milioni 418, na tangu tarehe 17 Agosti 2024 mnunuzi hutia saini mkataba na wakala wake kabla ya kutembezwa nyumba, ada ikiwa imetajwa wazi.

Hapo ndipo mnunuzi wa mara ya kwanza anapobanwa, kwani muuzaji asipoilipa ada hiyo, humwangukia yeye. Kwa nyumba ya dola 300,000, asilimia 2.5 ni dola 7,500, na kwa kawaida mkopo wa nyumba hauzijumuishi. Wengine huamua kuachana na wakala. Ni kosa, kwani muuzaji bado anaweza kuombwa ailipe ada hiyo, na wengi hukubali. Ada yenyewe inajadilika, muda pia. Usifunge mkataba wa miezi 6 na wakala uliyekutana naye leo. Omba wa siku chache kwanza, umwone anavyofanya kazi.