Madaraka ya Kupewa: Habari za Uzaramo tangu Pazi hata Halmashauri

Dola yoyote iliyo kubwa kuliko mji mmoja haina budi kuamua ni mambo gani yakatwe makao makuu, na yapi waachiwe wenyeji. Njia za kuamua ni mbili. Katika shirikisho, kama lile la Marekani lililotungiwa katiba 1787, serikali ya nchi nzima na serikali za majimbo hupata nguvu zao katika katiba ile ile, wala moja haiwezi peke yake kuifuta nyingine. Katika dola ya umoja, serikali kuu huwagawia wenyeji madaraka, na aliyegawa aweza kuyarudisha mkononi mwake. Uzaramo, ambayo Masaki, Kisarawe na Maneromango ni katika miji yake, imeishi kwa njia hii ya pili kwa zaidi ya miaka mia, na habari zake zimeacha alama hata katika lugha.

Burton alipopita Uzaramo 1857 hakukuta mfalme wa nchi nzima. Alikuta wakuu wa vijiji walioitwa mapazi, kila mmoja na wazee wake wa shauri, na mkubwa wa wazee hao akiitwa mwene goha. Sultani wa Unguja alikuwa na maliwali wake katika miji ya pwani, lakini amri yake haikufika mbali bara, na misafara ilitoa hongo kabla ya kupita. Hivyo palikuwa na mamlaka mbili jirani zisizo na mkataba baina yao, na nguvu za pazi zilitoka kwa jamaa na watu wake.

Wadachi waliposhika nchi wakaweka serikali yao Dar es Salaam 1891, walitwaa majina ya zamani na kuyatia maana mpya. Liwali alikuwa mwakilishi wa Sultani. Akida, neno la Kiarabu, alikuwa mkuu wa askari. Jumbe alikuwa mkubwa wa mji wa pwani. Sasa wote watatu wakawa ngazi za utawala mmoja. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa 1898, na mashamba ya pamba ya lazima yalipoanzishwa katika wilaya ya Dar es Salaam 1902, jumbe ndiye aliyewatoa watu kazini. Yule aliyekuwa msemaji wa watu mbele ya wakubwa akawa msemaji wa wakubwa mbele ya watu. Vita vya Maji Maji vilipozuka 1905 viliwagusa Wazaramo pia, na Kibasila, aliyekuwa na cheo cha pazi, alinyongwa.

Waingereza walidai kurudisha mamlaka ya asili. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, alitoa mwaka uliofuata Sheria ya Mamlaka za Wenyeji, ambayo ilimkubali mtemi, au kundi la watu pale pasipokuwa na mtemi. Njia hiyo ilifaa zaidi Usukuma au Unyamwezi kuliko Uzaramo, ambako mtemi hakupata kuwako. Tena mamlaka hiyo iliyoitwa ya asili ilisimama juu ya sheria ya Gavana, naye ndiye aliyeweza kumkubali mkuu au kumwondoa. Sheria ya 1953 ilifungua njia ya mabaraza ya kuchaguliwa, lakini shina lilikuwa lile lile.

Baada ya Uhuru wa 1961 vyeo vya watemi na machifu vilifutwa 1963, na kazi zao zikaangukia mabaraza ya wilaya. Mabaraza hayo nayo yalifutwa 1972, kwa mpango ambao, ajabu ya maneno, uliitwa Madaraka Mikoani. Kwa hakika waliopelekwa mikoani walikuwa maofisa wa serikali kuu. Sheria za 1982 zilirudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza kazi upya wilayani 1984. Na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, katika mazungumzo yaliyochapishwa, alikiri kwamba kuzifuta kulikuwa kosa. Tangu hapo Ibara za 145 na 146 za Katiba zinazitambua.

Majirani walijaribu njia ya shirikisho. Kenya ilipata katiba ya majimbo 1963, ikafutwa kabla haijatimiza miaka miwili. Madaraka yalirudi kwa kaunti 47 zilizowekwa na katiba ya 2010. Buganda ilikuwa na haki za shirikisho katika katiba ya Uganda ya 1962, zikavunjwa 1966. Katika Tanzania, Muungano wa 26 Aprili 1964 uliiachia Zanzibar serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Lakini orodha ya mambo ya Muungano, iliyoanza na 11, imefika 22. Tanganyika haikupata mgawanyo wa namna hiyo ndani yake.

Tofauti hii huonekana katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuitunza ardhi. Rais akitaka kuigeuza ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, mkutano wa kijiji huamua ikiwa eneo halizidi hekta 250. Likizidi, mkutano hutoa maoni, na Waziri ndiye akataye. Kwa njia hiyo zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kadha vya Kisarawe zilitolewa kwa kampuni ya kigeni ilime mbono. Kazi ilisimama 2011, lakini ardhi haikurudi vijijini yenyewe, kwani ilikwisha toka mikononi mwao. Basi katika jambo dogo kijiji kina amri, na katika jambo kubwa kina ushauri.

Neno daraka kwa asili yake ya Kiarabu ni dhamana, jambo ambalo mtu ataulizwa juu yake. Pazi aliulizwa na jamaa zake. Jumbe wa Wadachi aliulizwa na akida. Diwani wa leo huulizwa na waliomchagua, na pia na wizara iliyo juu yake. Wanapohitilafiana hao wawili, historia ya Uzaramo yaonyesha ni nani ambaye hadi sasa amekuwa na neno la mwisho.