Banma: Jinsi nusu marathoni ilivyofika mji wa jinzi

Kwa sikio la mgeni, Mchina akitamka "banma" huenda amekutajia punda milia, au amekutajia mbio za kilomita 21. Tofauti ni ya kupandisha na kushusha sauti tu. Katika maana ya pili neno hilo ni kifupisho: "ban" ni nusu, na "ma" ni silabi ya kwanza ya "malasong", yaani marathoni, ambayo wao huiandika kwa herufi ileile ya farasi.

Nililisikia kwa mara ya kwanza Xintang, mashariki ya Guangzhou, nilipomsindikiza dada yangu kununua jinzi za duka lake la Kariakoo. Mama wa makamo aliyekuwa akituhudumia alisema kesho yake angechelewa kufungua kwa sababu ya banma. Dada, ambaye Kichina chake cha sokoni kinamtosha, akadhani ni mambo ya mbuga za wanyama. Yule mama akatoa simu na kutuonyesha picha: yeye mwenyewe, amevaa kaptula, namba imebanwa kifuani kwa pini nne, uso umelowa jasho.

Toka siku hiyo nimekuwa nikijiuliza njia ambayo mbio hizi zilipita mpaka zikamfikia mwenye duka la jinzi. Mimi mwenyewe hukimbia, kwa mwendo wa watu wa kawaida, na nilijikuta sijui historia ya kitu ninachokipenda.

Umbali wenyewe haukupangwa na mtaalamu wa mwili wa binadamu. Katika Olimpiki ya London mwaka 1908, marathoni ilianzia kwenye kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme uwanjani. Ukipima hapo unapata maili 26 na yadi 385, sawa na kilomita 42 na mita 195. Mwaka 1921 shirikisho la riadha la dunia likaufanya kuwa umbali rasmi. Ugawe mara mbili, utapata kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kila anayefika kilomita ya 21 akidhani amemaliza, kisha akauona mstari bado uko mbele, anadaiwa mita hizo na jukwaa la mfalme.

Olimpiki haijawahi kuwa na mbio za nusu marathoni, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoziokoa. Hazikulelewa na viwanja vikubwa wala kamati za mataifa. Zilikulia mitaani, na mtaa uliozilea kuliko yote uko kaskazini mashariki mwa Uingereza, kandokando ya mto Tyne.

Eneo hilo lilikuwa la makaa ya mawe na ujenzi wa meli, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi hizo zilikuwa zinakufa. Mwenyeji wa huko, Brendan Foster, aliyekuwa ameshinda shaba ya mita 10,000 Montreal mwaka 1976, alikuwa ameshiriki mbio za Round the Bays mjini Auckland, New Zealand, akaona mji mzima ukikimbia: wazee, akina mama, watoto. Akarudi kwao na wazo hilo. Juni 28, 1981, watu wapatao 12,000 walianzia Newcastle, wakavuka daraja la Tyne na kukimbia hadi South Shields, pwani. Mbio hizo ndizo Great North Run. Wengi waliokimbia hawakuwahi kuwa wanariadha. Walikuwa na kazi ya kuiwahi Jumatatu, au walikuwa wamepoteza kazi, na nusu marathoni iliwatosha wote.

Hapa ndipo ninapoona siri ya umbali huu. Marathoni kamili humaliza akiba ya sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, na kwa wengi hilo hutokea karibu na kilomita ya 30, pale miguu inapogeuka magogo. Nusu huisha kabla ya hapo. Mtu anayekimbia mara tatu au nne kwa wiki, kwa miezi mitatu hivi, anaweza kuimaliza bila kuacha kazi wala kutelekeza nyumba. Atapata kichomi ubavuni, atalaani kilima, lakini siku mbili baadaye anatembea vizuri. Hizi ni mbio za mtu mwenye ajira, na historia yake yote inafuata watu wa namna hiyo.

Watu wetu waliingia mapema katika hadithi hii. Shirikisho la dunia lilipoanzisha ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992, liliupeleka kwenye barabara hizohizo za Newcastle na South Shields. Aliyeshinda kwa wanaume ni Benson Masya wa Kenya, kijana wa Kitui aliyewahi kuwa bondia. Tegla Loroupe akaja kuutwaa ubingwa wa wanawake mara tatu mfululizo, 1997 hadi 1999. Sisi Watanzania tuna siku yetu pia, na inasikitisha kwamba wengi hawaijui: Fabiano Joseph, baada ya kushika nafasi ya pili mwaka 2003 na tena 2004, alishinda ubingwa wa dunia Edmonton, Kanada, mwaka 2005, kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Nimekutana na wakimbiaji wa Dar es Salaam wanaojua majina ya viatu vyote vipya, lakini jina hilo ukiwatajia wanakukodolea macho. Mtu huyu angestahili barabara yenye jina lake.

Turudi Xintang. Anayenunua jinzi Kariakoo, Gikomba au Owino huenda amevaa kazi ya mji huu bila kuujua. Viwanda vilianza kuota hapa miaka ya 1980, mtaji wa Hong Kong ulipovuka mpaka kutafuta mikono ya bei nafuu. Vijana walimiminika kutoka Sichuan, Hunan na mikoa mingine ya ndani. Kufikia mwaka 2008 mji ulikuwa unatoa suruali zaidi ya milioni 260 kwa mwaka, karibu asilimia 60 ya jinzi zote za China. Malipo yalikuwa kwa kipande, na anayelipwa kwa kipande hakimbii asubuhi. Anashona.

Mwaka 2010 ndio ninaourudia kila mara. Oktoba 16, ubingwa wa dunia wa nusu marathoni ulifanyika Nanning, mkoa jirani wa Guangxi. Zersenay Tadese wa Eritrea, aliyekuwa ameshinda mara nne mfululizo na ambaye mwezi Machi mwaka huo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya dakika 58 na sekunde 23 mjini Lisbon, alishindwa na Mkenya Wilson Kiprop. Florence Kiplagat, Mkenya pia, akachukua ubingwa wa wanawake. Novemba, Guangzhou ikawa mwenyeji wa Michezo ya Asia, jiji limesafishwa likang'aa. Na mwishoni mwa Novemba hiyohiyo shirika la Greenpeace likatoa ripoti juu ya maji ya Xintang. Katika sampuli moja ya tope, kadmiamu ilizidi kiwango kilichoruhusiwa nchini China mara 128. Mifereji iliyokuwa ikielekea mto Dongjiang ilibeba rangi ya suruali: buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi.

Hayo yote yalitokea ndani ya majuma saba, katika kona moja ya dunia. Wapo waliokuwa wakikimbia kilomita 21 kwa dakika 60, na wapo waliokuwa wakikaa kwenye cherehani saa 12 karibu na maji ya rangi. Juni mwaka uliofuata, hasira za vibarua wahamiaji zililipuka Xintang baada ya walinzi kugombana na mchuuzi mjamzito kutoka Sichuan katika kijiji cha Dadun. Magari yaliteketea, na polisi wakajaa mitaani kwa siku kadhaa. Sioni namna ya kuandika historia ya michezo katika mji huu nikiyaruka hayo. Ili mtu akimbie kwa hiari yake lazima kwanza awe na saa moja ya kwake na hewa inayovutika.

Vitu hivyo viwili vilikuja polepole. Wilaya ya Zengcheng, ambayo Xintang imo ndani yake, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kujenga njia za kijani za waendesha baiskeli na watembea kwa miguu, na kuanzia 2010 mkoa wa Guangdong uliupanua mpango huo hadi kufikia zaidi ya kilomita 2,000 katika delta ya mto Zhujiang. Miaka iliyofuata, viwanda vingi vya kupaka rangi na kufua jinzi vilifungwa au kuhamishwa, na maduka na maghala yakabaki. Desemba 28, 2017, treni ya mstari wa 13 ilianza kazi na kuiunganisha Xintang na jiji. Baadhi ya waliokuja wakiwa vijana wa cherehani walikuwa sasa na umri wa miaka 40 na zaidi, wana maduka, wana vitambi, na daktari amewaonya kuhusu presha.

Mbio zenyewe zilikuwa zimeshaanza kuwasogelea. China ilikuwa na marathoni ya Beijing tangu 1981, mwaka uleule wa Great North Run, lakini kwa miaka mingi ya mwanzo ile ilikuwa ya wanariadha waliochaguliwa. Guangzhou ilipata marathoni yake Novemba 2012, ikiwa na nusu na mbio fupi ndani yake. Siku hiyo ya kwanza iliacha msiba: vijana wawili, mmoja wa kilomita 10 na mwingine wa kilomita 5, walianguka na baadaye wakafariki. Waandaaji wengi nchini humo sasa hudai cheti cha daktari kabla ya kukupa namba, na nikisikia mtu akilalamikia usumbufu huo namkumbusha vijana hao.

Mlango ulifunguliwa kabisa serikali ilipoondoa sharti la kibali cha shirikisho kwa mbio za barabarani, kuanzia 2015. Mwaka 2014 mbio zilizoandikishwa zilikuwa 51. Mwaka 2019, zikihesabiwa na zile ndogo, zilifika 1,828, na walioshiriki milioni 7 na zaidi. Kila mji ulitaka medali yake, na haraka hiyo ilikuwa na gharama. Katika nusu marathoni ya Shenzhen ya Novemba 2018, watu 258 walikamatwa wakidanganya: 237 walikatiza njia kwenye miti ya kando ya barabara, 18 walivaa namba za bandia, 3 walikimbia kwa jina la wengine. Nusu marathoni ya Beijing ya Aprili 2024 ilituhusu sisi moja kwa moja. Wakenya Robert Keter na Willy Mnangat pamoja na Mwethiopia Dejene Hailu walipunguza mwendo karibu na utepe na kumwachia He Jie wa China apite. Mnangat aliiambia BBC kwamba walikuwa wameajiriwa kumwongozea kasi. Siku chache baadaye wote wanne walivuliwa medali. Iliniuma kuona miguu ya Bonde la Ufa ikikodishwa kwa kazi kama hiyo.

Nyumbani njia yetu ilikuwa nyingine. Watanzania wa rika langu walianza kukimbia shuleni, kwenye mchakamchaka, alfajiri na mapema, kwa nyimbo, vumbi na fimbo ya kiranja nyuma. Klabu za jogging za Dar es Salaam na Zanzibar zimerithi hilo. Ukiamka Jumapili utazisikia kabla hujaziona. Kilimanjaro Marathon ilipoanza Moshi mwaka 2003, ilikuta watu ambao tayari walijua kukimbia pamoja. Nusu yake ndiyo iliyonifundisha adabu: unatoka mjini ukipanda kuelekea Mweka, kilomita baada ya kilomita, migomba pande zote na mlima mbele ukijificha kwenye mawingu, kisha unageuka na kushuka huku mapaja yakiwaka moto. Watoto wa kijijini wanakupita mbio, peku, wakicheka, kisha wanarudi kukushika mkono.

Wakimbiaji niliowaona kando ya Dongjiang hawakuimba. Siku ile yule mama alipokwenda kwenye banma yake, nami nilitoka saa kumi na moja alfajiri, kabla joto halijaamka. Walikuwepo tayari, wawili wawili na mmoja mmoja, simu zimefungwa mkononi juu ya kiwiko, kila mmoja akihesabu pumzi zake. Mzee mmoja aliyekuwa akienda mwendo wangu aliniangalia, akainua vidole viwili, kisha kimoja: ishirini na moja? Nikamwonyesha vidole vinane, ndicho nilichokuwa nacho siku hiyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukaenda pamoja mpaka darajani bila neno.

Mama wa duka alifika saa saba mchana. Alishuka ngazi kwa ubavu, mkono ukutani, ngazi moja kwa wakati, medali bado shingoni. Akakaa, akavua kiatu kimoja chini ya meza, akavuta kikokotoo karibu, na yeye na dada wakaendelea na bei pale walipoiachia jana yake.